Oda Tele, Spindeli Haba

Hotuba kwa mafundi wa viwanda vya nguo na wanafunzi wa uhandisi mitambo

Ndugu wahandisi, mafundi wa zamu, wanafunzi, na ninyi wakuu wa manunuzi mliokaa nyuma karibu na mlango, habari za asubuhi.

Swali lililoletwa mezani ni hili. Mtu anaagiza mashine za kusokota uzi mwaka ambao biashara ya nguo imechangamka, anaambiwa asubiri mwaka mzima au zaidi. Miaka miwili baadaye, kiwanda kile kile kilichomsubirisha kinapunguza wafanyakazi kwa kukosa oda. Imekuwaje? Wengi hujibu haraka kwamba mtaji ulikuwa mdogo au jengo lilikuwa finyu. Jengo halina shida. Ukumbi wa kuunganishia mashine unapanuliwa kwa miezi michache tu: nguzo, bati, sakafu, winchi ya juu, basi. Kinachogoma kupanuka ni kazi inayofanyika kabla chuma hakijafika ukumbini, na kazi hiyo ni ya vipuri vidogo, vingi mno, vinavyotaka usahihi wa sehemu ya mia ya milimita.

Tuhesabu. Chukueni mashine ndefu ya kusokota ya ringi ya siku hizi, yenye spindeli 1,824. Spindeli, kwa wanafunzi ambao bado hawajaishika, ni kile kijiti cha chuma kinachobeba bobini na kuizungusha ili uzi upate msokoto. Zimepangwa pande mbili, 912 kila upande, na kutoka moja hadi nyingine ni milimita 70. Safu peke yake inafika karibu mita 64, bado hujaweka kichwa chenye mota. Kila spindeli ina ringi yake, yaani pete ya chuma inayoizunguka, kwa hiyo ringi 1,824. Mikono ya kubana rola, zile zinazovuta pamba iwe nyembamba kabla ya msokoto, ni 912, maana mkono mmoja huhudumia spindeli mbili, na kila mkono hubeba jozi tatu za rola za juu: jozi 2,736. Mikanda midogo ya mpira, mmoja juu na mmoja chini kwa kila spindeli: 3,648. Rola za chini zenye mifuo ziko mistari mitatu kila upande. Kama kipande kimoja kina urefu wa spindeli sita, yaani milimita 420, vinahitajika vipande 912, kimoja kikiungwa na kingine mpaka zipatikane zile mita 64 bila mstari kuyumba.

Kwa hiyo kiwanda kinachojisifu kutoa mashine 20 kwa mwezi, ukikitazama vizuri, ni kiwanda cha spindeli 36,480 kwa mwezi. Neno mashine liko kwenye ankara tu.

Tuendelee na hesabu hiyo hiyo. Siku 25 za kazi, zamu mbili za saa nane, na tukadirie kwamba asilimia 85 ya muda ndiyo inayofanya kazi kweli baada ya kutoa kubadilisha jiwe, kupima na kusafisha. Unabaki na sekunde 33 na nusu kwa kila spindeli. Ikiwa hatua moja, tuseme kulainisha kijiti kwa jiwe la grainda, inachukua sekunde 100, unahitaji graindi tatu, na zote tatu zinakimbia bila kupumua. Sasa mkurugenzi wa mauzo anarudi kutoka kwenye maonyesho na oda za mashine 30 kwa mwezi. Muda kwa kila spindeli unashuka hadi sekunde 22. Graindi tatu hazitoshi, nne hazitoshi, unahitaji tano. Na grainda ya usahihi huo hainunuliwi kama jembe dukani. Nayo ina kiwanda chake, na kiwanda hicho nacho kina foleni, kwa sababu washindani wako wameona soko lile lile mwezi ule ule.

Hilo ni tatizo linaloonekana. Lisiloonekana ni vitu vinavyokataliwa. Kijiti cha spindeli kinapita walau hatua sita. Kila hatua ikifaulisha 99 kati ya 100, mwisho unapata 94, na ili utoe 36,480 vizuri unaanza na karibu 38,750. Ajiri vijana wapya kwa pupa, kila hatua ishuke hadi 97 kati ya 100. Asilimia mbili, nani atazijali? Lakini mwisho unapata 83 tu. Sasa ni lazima uanze na karibu 43,800. Umejiongezea vijiti 5,000 kwa mwezi, kwenye graindi zile zile ambazo tayari zilikuwa zimeelemewa, na hakuna mashine hata moja zaidi iliyotoka getini. Viwanda vingi vilivyopanuka kwa haraka vilikwama hapa, na taarifa za fedha huita jambo hili gharama za uzalishaji kupanda.

Kwa nini kijiti kile kinakataliwa kirahisi? Kimetengenezwa kwa chuma cha beringi, chenye kaboni karibu asilimia 1 na kromi karibu asilimia 1.5. Kikishakerezwa hupashwa moto hadi nyuzi joto 840 hivi za Selsiasi, huzamishwa kwenye mafuta, kisha hupashwa tena polepole kati ya nyuzi 150 na 200 ili kisivunjike kama kioo. Chuma chembamba kikizamishwa ghafla hupinda, na hakuna tanuri lililomaliza tatizo hilo. Ndipo anapoingia fundi wa kunyoosha: anakiweka kijiti juu ya vishikio viwili, anakizungusha huku akitazama sindano ya geji ya saa, anatafuta kilipobenuka, anakigonga kwa presi ndogo mara moja au mbili. Nguvu ikizidi, kimepasuka. Ikipungua, amepoteza muda. Kikinyooshwa bila kurudishwa kwenye joto dogo, kitalala ghalani kikiwa kimenyooka na kuamka kimepinda, maana mkazo ulikuwa bado umejificha ndani. Mkono wa fundi huyo haununuliwi nje. Unafundishwa kwa miezi, kwa maelfu ya vijiti, na akiondoka huondoka na ujuzi wake.

Kupinda kidogo kuna ubaya gani? Spindeli ikizunguka mara 18,000 kwa dakika, hiyo ni mara 300 kwa sekunde. Tuseme spindeli pamoja na bobini yenye uzi ina uzito wa gramu 200, na kitovu cha uzito kimehama kwa milimita 0.05 tu, unene wa unywele mwembamba. Nguvu inayoivuta pembeni ni kama ya mzigo wa kilo 3 na nusu, ikizunguka nayo mara 300 kila sekunde. Beringi inaliwa, mafuta yanachafuka, uzi unakatika, umeme unapotea. Na nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo: mashine ya zamani ya mizunguko 12,000 ilivumilia kosa ambalo kwenye mizunguko 18,000 linauma mara mbili na robo. Ndiyo maana warsha iliyokuwa ikitengeneza spindeli nzuri miaka ya 1970 haiwezi kuamshwa leo kwa kupigwa rangi na kupewa oda. Mwendo umepanda, na uvumilivu wa chuma umeshuka.

Nitaje pia chuma cha kusubu, kwa sababu hapa ndipo haraka inapolipwa na mnunuzi. Fremu na sahani za pembeni husubiwa kwa chuma kijivu. Zikipoa ndani ya mchanga, sehemu nyembamba hutangulia kuganda na nene hufuata, kwa hiyo zinabaki na ugomvi ndani yake. Zamani walizitupa uani miezi kadhaa, mvua na jua vikafanya kazi. Leo hurudishwa kwenye tanuri, nyuzi 550 hadi 600, hukaa humo kwa saa kadhaa kulingana na unene, kisha hupoa taratibu humo humo tanurini. Tanuri limeshikwa siku nzima. Mwaka wa oda tele, meneja anaona fremu 40 zinasubiri tanuri moja, na jicho lake linaanza kumdanganya kwamba zile nyepesi zinaweza kuruka hatua. Zitapita ukaguzi, kwa sababu siku ya ukaguzi bado zimenyooka. Zitajikunja miezi mingi baadaye, zikiwa zimefungwa kwenye sakafu ya mteja, na fundi wa mteja atatafuta kosa kwenye giya, kwenye beringi, kwenye sakafu, kila mahali isipokuwa ndani ya chuma chenyewe.

Kwenye mashine ya kadi, ile inayochana pamba kabla ya kusokotwa, shida ni ile ile kwa sura nyingine. Silinda ya kawaida ina kipenyo cha milimita 1,290. Ikivishwa waya wenye meno kwa hatua ya nusu milimita kwenye upana wa mita moja, unazungusha mara 2,000, na kila mzunguko ni mita 4 na kidogo: zaidi ya kilomita 8 za waya kwa silinda moja, na kila jino lazima liwe na urefu sawa na jirani yake. Nafasi kati ya meno ya silinda na yale ya juu yake ni kama robo milimita. Silinda ikipanda joto kwa nyuzi 20 tu, nusu kipenyo chake hukua kwa karibu milimita 0.15. Zaidi ya nusu ya nafasi imekwisha! Anayetaka kutengeneza kadi lazima ajue hilo kabla ya kuchora mstari wa kwanza.

Sasa tuje kwenye oda zenyewe, ambazo huja kama masika na kukatika kama masika. Rieter ya Winterthur, Uswisi, iliyoanza mwaka 1795, inachapisha hesabu zake kila mwaka, kwa hiyo si siri. Mwaka 2020, mwaka wa korona, mauzo yake yalikuwa faranga za Uswisi milioni 573. Mwaka 2021 zikaingia oda za zaidi ya bilioni 2.2, lakini mauzo, yaani mashine zilizofikishwa kwa wateja, yalikuwa milioni 969 tu. Mwaka 2022 mauzo yakapanda hadi takriban bilioni 1.5. Mwaka 2023, mashine za foleni ya zamani zikiwa bado zinatoka, oda mpya ziliporomoka hadi milioni 542 hivi, na kampuni ikatangaza kupunguza watu. Hebu jiwekeni kwenye kiti cha mwenye warsha ndogo anayeuzia kampuni kama hiyo vipuri. Mwaka mmoja anaambiwa aongeze uzalishaji mara mbili na zaidi. Akope? Anunue grainda mbili? Kabla mkopo haujafika katikati, oda zimebaki robo. Mwenye warsha aliyewahi kuumwa na nyoka wa namna hiyo hakopi tena, anasema ndiyo kwa simu na kuendelea na kasi yake ya zamani. Kampuni kubwa inaona kwamba wagavi wanachelewa. Hawachelewi, wanajilinda.

India iliona hilo hilo kwa sababu nyingine, na mji wa Coimbatore, jimbo la Tamil Nadu, ni mfano mzuri kuliko wote. Huko ndiko ilikoanzishwa Lakshmi Machine Works mwaka 1962, leo inaitwa LMW, na kuizunguka kukaota warsha za kusubu, kukereza na kutengeneza pampu na mota. Tarehe 1 Aprili 1999 serikali ya India ilianza mpango wa ruzuku kwa viwanda vya nguo vinavyonunua mashine mpya, ikirudisha pointi 5 za asilimia kwenye riba ya mkopo. Kwa wenye viwanda vya nguo ilikuwa neema, na sekta ilikua kweli. Lakini mpango ulikuwa na tarehe ya mwisho, na kila tarehe ilipokaribia wanunuzi walikimbilia kuweka oda, wengine kwa watengenezaji wawili kwa mpigo, wakijua wataghairi moja. Daftari la oda likavimba. Mtengenezaji anayesoma daftari hilo kama ukweli mtupu atajenga karakana ya kumhudumia mnunuzi asiyekuwepo.

Kinga ya kwanza ni arubuni. Mnunuzi aweke fedha, na tarehe yake kwenye foleni ianze kuhesabiwa siku fedha ilipoingia, si siku alipopeana mkono kwenye maonyesho. Kinga ya pili ni kuwa na kazi nyingine ya kufanya. LMW ina kitengo cha mashine za kukereza, kiwanda cha kusubu na kitengo cha vipuri vya ndege. Soko la uzi likilala, mikono inayojua kupima sehemu ya mia ya milimita haitawanyiki. Fedha hurudi upesi kuliko mikono.

Na umeme? Kati ya mwaka 2008 na 2012 Tamil Nadu ilikuwa na upungufu mkubwa wa umeme. Tanuri la kuyeyushia chuma haliwashwi na kuzimwa kama taa. Umeme ukikatika chuma kikiwa kimeiva, kitaganda humo humo. Sitalizungumza zaidi, hapa hakuna asiyelijua.

Kuna upungufu mwingine uliowashangaza hata wakongwe. Kuanzia 2021, mashine kamili, imepakwa rangi, imejaribiwa, ilikuwa inasimama karakanani ikisubiri kadi moja ya elektroniki. Baadhi ya chipu zilikuwa na foleni ya mwaka. Watu walisema, basi tumia chipu nyingine. Chipu nyingine ina miguu mingine, kwa hiyo kadi inachorwa upya. Programu inaandikwa upya. Mashine inajaribiwa tena kwa joto, mtetemo na vumbi la pamba. Ni miezi. Wakati huo chuma, shaba na mishahara vimeshalipwa, na mteja bado hajalipa sehemu kubwa ya bei kwa sababu mzigo haujapanda meli. Kiwanda chenye oda tele kinaweza kufilisika hivyo, kikiwa na mashine nzuri mlangoni.

Ndiyo maana wakubwa wananunua watengenezaji wa vipuri. Rieter inamiliki Bräcker wa ringi, Graf wa waya wa kadi, Novibra wa spindeli huko Ucheki, na mwaka 2021 ilinunua kutoka Saurer biashara tatu, mojawapo ikiwa Accotex, watu wa mikanda na magamba ya mpira ya rola. Wachambuzi wa hisa huona faida ya kuuza spea, nayo ipo, maana mpira na waya huisha kila mara hata kama hakuna anayenunua mashine mpya. Lakini fundi ataona jambo la pili: anayemiliki kipuri anamiliki nafasi ya mbele kwenye foleni. China imefika hapo kwa njia tofauti, kwa kuwa na wagavi wengi waliosongamana katika maeneo yale yale, mmoja akishindwa yupo wa jirani.

Mashine za kufumia nitazipita mbio. India, pamoja na nguvu zake zote kwenye usokotaji, bado hununua nje sehemu kubwa ya mashine za kufumia za kasi. Mashine inayorusha mshindio, yaani uzi unaopita upande kwa upande wa kitambaa, kwa hewa mamia ya mara kwa dakika inataka vali, kamu na mota za kujiendesha zenye usahihi ambao mkusanyiko wa warsha za spindeli hauzai wenyewe. Ujuzi wa kusokota haugeuki ujuzi wa kufuma kwa sababu tu vyote viwili vinahusu nguo.

Sasa sisi wa huku. Viwanda vyetu vimekuwa vikipata mashine kutoka nje tangu mwanzo: Urafiki ya Dar es Salaam ilijengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960, na Rivatex ya Eldoret ilifufuliwa kwa mashine zilizopatikana kwa mkopo wa Exim Bank ya India. Sisi ni wanunuzi wadogo, na mnunuzi mdogo hutupwa mwisho wa foleni. Kwa hiyo mkinunua, ulizeni maswali ambayo muuzaji hapendi. Spindeli anatengeneza nani, na mgavi wa pili ni nani? Fremu zilipitishwa tanurini, na kumbukumbu ya joto iko wapi? Kadi za elektroniki ziko ghalani tayari au zimeagizwa? Mafundi wa kusimika wameshapangwa?

Hili la mwisho husahauliwa. Kusimika mashine ya mita 64 si kufungua kasha. Sakafu inapimwa, miguu inasawazishwa, rola zinanyooshwa kwa waya au leza, kisha kila spindeli inawekwa katikati ya ringi yake kwa geji, moja moja, mara 1,824. Mwaka wa oda tele, mafundi hao wako Bangladesh au Uzbekistan, na makasha yenu yako Mombasa au Dar es Salaam yakipigwa na upepo wa bahari. Rola yenye mifuo ikishika kutu, kila doa linaandikwa kwenye uzi kila mzunguko. Kama hamwezi kusimika mara moja, msifungue vifungashio, ongezeni mafuta ya kuzuia kutu, na hamishieni mzigo bara, kwenye ghala kavu.

Kuhusu kutengeneza wenyewe: wapo wanaosema tuanze na mashine nzima. Sikubaliani nao, na hesabu ya spindeli niliyotoa ndiyo sababu. Tuanze na kinachoisha. Magamba ya mpira kwenye rola za juu husagwa kila baada ya miezi michache, hupunguzwa kama milimita 0.2, na baada ya kusagwa mara kadhaa hutupwa. Mikanda hupasuka. Giya hulika. Kiwanda chenye mashine kumi kama ile kina mikanda 36,480 inayofanya kazi usiku na mchana, na sehemu kubwa ya mikanda hiyo inaletwa kwa meli. Anayeweza kutengeneza mkanda wenye unene sawa pande zote, usiovutika, usioshika nta ya pamba, ana soko kesho asubuhi, na ataifahamu milimita 0.05 kabla ya kuombwa kutengeneza spindeli.

Asanteni. Maswali nitayapokea, na kwenye meza ya pembeni kuna spindeli mbili na geji ya saa. Moja imepinda. Njooni mnionyeshe ni ipi.